Marehemu Anapenda Peremende

Shambani, Nebraska
3 Februari

Kwa mjukuu wangu Kendra,

Salamu nyingi kama theluji iliyolala mlangoni kwangu, nayo ni nyingi kwelikweli. Mimi mzima. Goti ndilo bovu, lakini goti si mtu. Baba yako Rodney alikuja Jumapili na mkewe, wakala, wakaosha vyombo vilivyokuwa safi, halafu akaniambia nyumba ya wazee kule mjini imepakwa rangi mpya. Nikamwambia hata jeneza hupakwa rangi. Akavaa koti lake. Kaburi la bibi yako nimelifagia theluji. Paka amezaa tena, baba hajulikani.

Ninashukuru kwamba unaniandikia, maana simu siisikii, na nikiisikia siielewi. Wenzangu wa kahawa pale ushirika wa nafaka hawana anayewaandikia. Mmoja wao, Delmar, wanawe humtumia picha za chakula walichokula.

Sasa neno lenyewe. Karatasi ya chama chako cha Pumzi Sawa nimeipata, nimeisoma yote. Unajua niliacha shule mapema kwa sababu mwalimu aliishiwa la kunifundisha. Mnasema mnyama asiwe mali ya mtu, awe na haki mahakamani kama mtu. Mimi nimekuwa mtu miaka themanini na sheria haijanifanyia la maana, lakini endeleeni.

Kilichonisimamisha ni picha. Ni wewe ukiwa na miaka kumi na moja, umeshika kamba ya Kolachi, yule maksai uliyempa jina la mkate mtamu wa bibi yako. Ni pale maonyesho ya kaunti, unalia, na chini wameandika ALIUZWA, ALICHINJWA, ALIKUWA RAFIKI. Sawa. Ndiyo kanuni ya maonyesho: mtoto anamlea maksai, anamwonyesha kwa jaji, ananadiwa, anapandishwa lori. Ukaacha nyama siku ile, na mimi ukaniacha kwa kipindi. Nilikwambia wakati ule na sasa nakwambia tena: aliliwa, paja lake nilipata mimi, na nyama ilikuwa laini. Katika kaunti hii hakuna aliyelea ng'ombe wengi kuliko mimi wala aliyewahurumia kidogo kuliko mimi. Waulize.

Babu yako,
Emil Vondracek

Nimesahau. Delmar ana maksai mzee ambaye meno yamekwisha. Anauliza kule kwenye mashamba yenu ya ng'ombe wastaafu mnawalisha nini. Ni Delmar anayeuliza.


Portland, Oregon
24 Februari

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo. Nimehamia nyumba nyingine, tunaishi wasichana watatu na sungura wanne, na wenzangu wamewaandika sungura kwenye mkataba wa nyumba kama wapangaji. Mwenye nyumba hajausoma.

Kazi ni nyingi. Wiki iliyopita tulikutana kupanga safari ya bungeni, tukabishana jioni nzima kama asali ni wizi. Tuliondoka bila kupanga safari, ila chai sasa tunakunywa kavu, bila asali. Usicheke. Tunachokitaka si kidogo: siku moja watu washangae kwamba kiumbe mwenye hofu na mapenzi aliwahi kupimwa kwa kilo.

Habari ya Kolachi nimeisimulia vyuoni na makanisani, na kila mara watu hulia. Kijana mmoja amemchora begani kwa wino usiofutika. Mkurugenzi wetu, Thaddeus, husema bila Kolachi tungekuwa kikundi cha watu wanaokula maharage. Ndiyo maana mwaka huu tumeamua kuja Agosti, siku ya maonyesho, tumwekee shada la maua. Siji kwako, Babu. Nakuja kwake. Usiniandikie tena habari za paja.

Kuhusu Delmar: amloweshee makapi ya kiazisukari kwa maji ya uvuguvugu mpaka yawe kama uji. Nyasi azikate fupi. Mahindi makavu hapana. Sikujua kama Delmar ana moyo.

Mjukuu wako,
Kendra


Shambani
19 Aprili

Kendra,

Salamu. Theluji imekwisha, sasa ni tope. Rodney amenunulia kochi langu mto wa kukalia, kama vile mimi yai. Paka hajambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianguka. Ilikuwa mwezi wa Machi, nyuma ya banda, tope mpaka kiunoni, na mvua ya barafu. Mtu mwingine angekufa. Mimi sikufa. Nilijaribu kuinuka nikashindwa, nikajaribu tena, halafu kikaja kitu kikasimama kando yangu, nikakishika, kikarudi nyuma polepole mpaka nikawa nimesimama. Tukaenda nyumbani pamoja. Usiulize kitu gani. Shambani kuna vitu vingi.

Rodney akaona tope kwenye suruali na akaamua. Mnada wa shamba ni Septemba, baada ya maonyesho. Vinauzwa vyote, trekta, banda, hata bomba. Mimi nakwenda kwenye ile nyumba yenye rangi mpya ambako hata paka haruhusiwi. Nimemwambia nitakwenda nikiwa nimefungwa kamba. Amesema kamba anayo.

Sasa Delmar ana shida. Yale makapi yamemfaa sana yule maksai, amenenepa, anatembea kwa maringo. Lakini Delmar naye huenda akahama, na maksai asiye na meno akipelekwa mnadani anayemnunua ni mmoja tu, mwenye kiwanda cha chakula cha mbwa. Anauliza mashamba yenu ya wastaafu humpokeaje ng'ombe. Hana jina huyu. Ni ng'ombe tu. Delmar halali.

Na huku kwenye maonyesho msije. Watu watawacheka, na mimi nitalazimika kuwa miongoni mwao.

Babu yako,
Emil Vondracek, ambaye hajawahi kumlilia ng'ombe


Portland
11 Mei

Babu yangu,

Umeanguka Machi na unaniambia Aprili. Baba alikuwa ameniambia, nikangoja uniambie mwenyewe. Pole sana. Nimelifikiria lile tope kila nikiingia kitandani.

Kuhusu ile nyumba ya wazee sina la kusema. Nikisema, Baba ataniuliza kwa nini sikuja tangu mazishi ya Bibi, na hilo nalo sina la kusema.

Nimemwombea maksai wa Delmar nafasi katika shamba letu la huku milimani. Nafasi ipo, lakini wafadhili hawatoi fedha kwa mnyama asiye na historia. Lazima awe ameteswa. Yule jogoo wetu alitoka kwenye mapigano, punda alitoka mgodini. Thaddeus ameuliza, na ninauliza kwa niaba yake: Delmar humpiga? Amemfunga mnyororo? Kuna kovu linaloweza kupigwa picha? Kama Delmar angekubali kuandikwa kuwa mtesaji aliyetubu, maksai angepata hata chumba chenye feni.

Najua inavyosikika.

Kendra


Shambani
8 Juni

Kwa Kendra,

Salamu. Joto limeingia, nzi wamerudi, Rodney bado hajaondoka kwenye jambo lake.

Nimempelekea Delmar maswali yenu. Ameudhika. Anasema mateso atayatoa wapi. Maksai analala kwenye majani makavu mapya, jioni anapewa peremende, zile nyeupe zenye mistari myekundu, na asipopewa anavua watu kofia. Kovu hana, ila ncha ya sikio la kushoto ilikatwa na baridi alipozaliwa. Mnyororo hana, na lango halifungwi tangu lilipovunjika. Delmar anasema labda mwandike kwamba mwenye maksai humwimbia polka, zile nyimbo za ngoma za Kicheki, na sauti yake ni mbaya. Hayo ni mateso. Majirani watatoa ushahidi.

Lakini kuandikwa mtesaji hataki. Akiandikwa mtesaji watu wataamini, na akiandikwa kwamba anampenda watamcheka mpaka kaburini. Mtu akishajulikana kwa ukali hawezi kuuvua hivihivi mbele za watu, ni kama suruali.

Kwa hiyo mnachukua waliopigwa tu. Aliyependwa aende kwenye makopo ya mbwa. Nimeisoma ile karatasi yenu upya nikitafuta mahali mlipoandika hivyo, sikupaona.

Kuhusu Kolachi, ukisimulia tena waambie ukweli wote, nyama yake ilikuwa ngumu, nilitafuna wiki nzima. Labda hiyo itawafariji.

Emil Vondracek


Portland
2 Julai

Babu,

Shikamoo. Wote hawajambo, sungura pia.

Februari uliniandikia kwamba nyama ya Kolachi ilikuwa laini. Juni umesema ilikuwa ngumu.

Maksai wa Delmar ni rangi gani?

Kendra


Shambani
20 Agosti

Mjukuu wangu,

Salamu, na hizi nakupa ingawa uliondoka kwangu juzi bila kuniachia hata moja. Sikujibu swali lako la Julai kwa sababu kalamu ilikwisha wino. Sasa ina wino.

Wewe ulikuwa nyuma ya bango kubwa, hukuona mwanzo, nitakusimulia. Maonyesho walipowakatalia kuingia nilifurahi, nikajua mtarudi kwenu. Kumbe yule Thaddeus wako akasema basi shada liwekwe palepale marehemu alipolelewa. Mara naona basi zima linaingia uani kwangu. Na nyuma ya basi anakuja Delmar na wenzangu wote wa ushirika kwa magari yao, na wameleta viti. Wakavipanga kivulini kama watu waliokata tiketi.

Mimi nilikuwa nimeshamficha. Usiniulize nani. Nilimtia gereji, nikamwekea mfuko wa peremende, nikaegemeza jembe mlangoni. Nikajipanga barazani na uso wangu wa kazi.

Thaddeus akaweka shada kwenye nyasi. Maua mazuri, nitasema haki. Akachukua kipaza sauti, kile cha kushika mkononi, kinachokoroma kama cha mtangazaji wa maonyesho, akasema kwa sauti ya kanisani, "Kolachi. Tunakuita. Kolachi." Mkanyamaza ili marehemu awasikie.

Akawasikia.

Jembe likaanguka. Nilisikia mlango, nikajua, nikatazama mawingu. Maana ng'ombe aliyezoeshwa maonyesho, sauti ile ikitaja jina lake, kwake ni jambo moja tu: zamu yake ya kuingia mbele ya jaji imefika. Akatoka polepole, mwekundu, uso mweupe, mfuko wa peremende umekwama puani, akapita katikati yenu na mkamfungulia njia. Akafika pale kwenye shada akasimama hovyo, kama mzee anayengoja kuambiwa akae wapi.

Ndipo yule binti mwenye nywele za buluu alipoingiwa na hofu akashusha bango lake, lile lenye picha, na mti wa bango ukamgusa ng'ombe tumboni. Wewe unajua maana yake. Ulimfundisha mwenyewe kwa fimbo ya maonyesho, kila jioni baada ya shule, ukimkuna tumboni mpaka apange miguu. Akasogeza wa mbele. Akasogeza wa nyuma. Akasimama mraba, mgongo umenyooka, kichwa juu, katikati ya watu waliovaa fulana zenye sura yake na neno ALICHINJWA. Akangoja jaji.

 Kisha Delmar, bila kuinuka kitini, akaniuliza, "Emil, si ulisema ulimla?"

"Nilimla."

"Mbona amesimama?"

"Huyo ni mwingine."

Na Thaddeus wako, amekuwa mweupe kama karatasi, akadaka haraka, "Ni kweli, ni mwingine. Kolachi alikufa. Tuna picha."

Nikasema, "Msikilizeni mkurugenzi, kasoma."

Hiyo ndiyo mara pekee mimi na chama chako tumekubaliana. Tukawa upande mmoja, yeye na mimi, tunamzika, na mwenyewe ameinama anakula shada lake.

Wewe ukaja. Ukalitazama sikio la kushoto. Ukaweka mkono chini ya kidevu chake, akakulamba kola yote. Halafu ukanitazama mimi. Nimetazamwa na majaji, na benki, na bibi yako akiwa amekasirika, sijawahi kutazamwa vile. Ukapanda basi.

Mnada ni tarehe ile ile. Delmar hana maksai. Hajawahi kuwa naye. Sasa unajua ninayemwombea ni nani, na sina mwingine wa kumwomba.

Babu yako


Portland
9 Septemba

Babu,

Shikamoo. Sijui niulize habari gani kwanza, kwa hiyo nauliza ya goti.

Chama kimekutana. Wajumbe wengi wameona kwamba Kolachi aliye hai "anachanganya watu", kwa hiyo kwa kura wameamua abaki amekufa. Mimi nilitakiwa kutia sahihi kwamba ng'ombe tuliyemwona si yeye. Nimekataa. Wamenipa likizo isiyo na mwisho. Yule kijana mwenye mchoro begani ameniandikia akiniuliza sasa afanye nini na bega.

Nimekukasirikia kuliko nilivyokukasirikia nikiwa na miaka kumi na moja. Nimesimama mbele ya watu nusu ya maisha yangu nikilia juu ya kaburi, na aliyemo alikuwa kwako anakula peremende. Ungeniambia. Hata kwenye mazishi ya Bibi ungeninong'oneza. Niliogopa kutoka jikoni siku ile nisije nikaliona banda lake, naye alikuwa ndani. Na ile blauzi aliyoilamba sijaifua, kwa hiyo usidhani nina hasira tu.

Nimemwandikia Baba. Nimemwambia asiuze banda na uwanja wa nyuma mpaka nifike, na kwamba majira haya ya baridi nitakaa hapo. Nakuja kwa ajili ya ng'ombe. Wewe utakuwepo tu.

Lakini kabla sijapakia mizigo nijibu jambo moja, na usinijibu kwa majigambo. Wale maksai hupakiwa kwa namba za hereni masikioni. Lori la mwaka ule lilipokewa machinjioni kamili, hakuna aliyepungua. Nilijua hata nikiwa mtoto, maana nilimwomba Baba aulize. Ikiwa Kolachi hakupanda, aliyepanda na hereni yake ni nani?

Kendra


Shambani
21 Septemba

Mjukuu wangu Kendra,

Salamu kutoka kwetu sote. Rodney amesogeza mnada wa banda na uwanja mpaka baada ya baridi, vilivyobaki vimeuzwa, trekta limekwenda kwa mtu asiyejua kuliendesha. Ile nyumba yenye rangi mpya imempa mtu mwingine chumba changu, na nasikia analalamika. Pale ushirika kila nikikaa nakuta peremende kwenye kikombe changu. Nazila nikiwatazama usoni. Delmar, nilipomkiria nilivyotumia jina lake, alikuja na gunia la makapi, akalitua, akasema kwa kuwa amekuwa na maksai mwaka mzima bila kujua, angalau amlishe. Sikumshukuru. Tukacheza karata.

Chumba chako kipo. Siagi nimeipeleka kwa jirani. Mkate wa bibi yako nimejaribu kuupika bila siagi wala mayai, na hata Kolachi ameukataa, lakini tutajaribu tena.

Umeuliza. Kanuni ni kwamba aliyenadiwa lazima apande, na ningemtoa waziwazi wangekunyang'anya utepe wako wa ushindi. Nilijitolea kusaidia kupakia, kwa vile hakuna anayepakia ng'ombe vizuri kuliko mimi, lakini majigambo uliniambia niyaache. Nilikuwa nimekuja na mwingine kwenye gari langu. Mwekundu, uso mweupe, wa umri ule ule. Nikahamisha hereni. Alipanda mwenyewe, sikumsukuma. Wengi hugoma pale kwenye ubao wa kupandia lori. Huyu alinifuata kwa sababu nilikuwa mbele yake, na alikuwa amezoea kwamba nikiwa mbele kuna chakula.

Hakuwa na jina. Hakuna aliyempiga picha. Ile nyama ilitoka kwake. Niliileta nyumbani, bibi yako akaipika, nikakaa mbele ya sahani. Nilikuandikia laini, nikakuandikia ngumu. Sijui ilikuwaje.

Ukija utaniuliza zaidi alivyokuwa, na mimi nitakuonyesha mahali alipopenda kusimama, pale kwenye kona ya ua upepo unapopungua. Ukitaka kumpa jina, mpe. Mimi nimejaribu.

Lete peremende. Za hapa zimekwisha.

Babu yako,
Emil